Wana wa Murang'a na kura zilizofunga mfuko wa wafadhili

Tarehe 3 Mei 1990, wanaume wawili waliozaliwa Murang'a waliketi mbele ya waandishi wa habari jijini Nairobi wakatamka hadharani jambo ambalo wengi walikuwa wakilinong'ona tu: utawala wa chama kimoja umeiponza nchi, turudishiwe vyama vingi. Mmoja alikuwa Kenneth Matiba, aliyewahi kuwa waziri na mbunge wa Kiharu. Mwenzake alikuwa Charles Rubia, Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Nairobi. Siku hiyohiyo, katika jiji hilohilo, balozi wa Marekani Smith Hempstone aliwahutubia wanachama wa Klabu ya Rotary. Aliwaambia kwamba katika Bunge la Congress, linaloshika mfuko wa fedha za Marekani, kulikuwa na wimbi kubwa la kutaka misaada ielekezwe kwa nchi zinazolea demokrasia.

Kanu, chama tawala, ilizisikia sauti hizo kama sauti moja. Kwa wakuu wa chama, Matiba na Rubia walikuwa vibaraka wa mabalozi, na balozi naye alikuwa mchochezi aliyevuka mipaka ya kazi yake. Madai hayo yameishi kuliko utawala ulioyatoa. Hadi leo, mazungumzo yakigusa mwaka ule, iwe Murang'a mjini, Kangema au Nyeri, hutakosa mtu mzima anayeshikilia kwamba vyama vingi vililetwa na Wazungu kwa kutunyima misaada. Nadhani kauli hiyo inawadhulumu watu waliolipa gharama. Ukiifuata kalenda, na ukizifuata hatua za mabunge mawili, la Nairobi na la Washington, utaona kwamba Murang'a ilitangulia na wafadhili wakafuata, tena kwa kusitasita.

Tuanze na Bunge letu. Tarehe 9 Juni 1982 wabunge walipitisha marekebisho ya Katiba yaliyozaa kifungu cha 2A, kilichosema kwamba Kenya itakuwa na chama kimoja tu cha siasa, nacho ni Kanu. Haraka ile ilitokana na habari kwamba Jaramogi Oginga Odinga na George Anyona walikuwa mbioni kuunda chama cha kisoshalisti. Mswada uliwasilishwa na Charles Njonjo, waziri aliyesimamia masuala ya Katiba, na aliyesimama kuuunga mkono alikuwa Makamu wa Rais, Mwai Kibaki, mbunge wa Othaya kule Nyeri. Ni vyema kulikumbuka hilo, kwa maana eneo la Mlima Kenya hupenda kujisimulia kama mhanga wa kifungu hicho na kusahau kwamba mikono yake ilikuwamo katika kukiandika.

Utaratibu wenyewe haukuwa mwepesi kwenye karatasi. Mswada wa kawaida ulihitaji tu wengi waseme ndiyo, Spika asikilize sauti, aamue. Mswada wa kubadili Katiba ulikuwa na mlango mwembamba zaidi. Kifungu cha 47 kilidai uungwe mkono na asilimia 65 ya wabunge wote, wala si ya waliohudhuria siku hiyo pekee, na uvuke kiwango hicho mara mbili, unaposomwa mara ya pili na unaposomwa mara ya tatu. Hapo sauti hazikutosha. Kengele ililia, wabunge wakaitwa kutoka vyumba vya chai na barazani, milango ikafungwa, wanaokubali na wanaokataa wakatengana, kisha wakahesabiwa kichwa kwa kichwa. Kiwango hicho kiliwekwa ili Katiba isichezewe na kundi lililoamka na hasira asubuhi moja. Lakini katika Bunge ambalo kila mmoja aliingia kwa tiketi ya Kanu na angeweza kupoteza kiti kwa kufukuzwa Kanu, asilimia 65 ilipatikana bila jasho.

Ndivyo mambo yalivyoendelea. Mwaka 1986 Bunge liliondoa ulinzi wa ajira ya Mwanasheria Mkuu na ya Mkaguzi Mkuu wa hesabu za serikali. Mwaka 1988 likaondoa ule wa majaji. Rubia, aliyekuwa mbunge wa Starehe, alikuwa miongoni mwa wachache mno waliothubutu kusimama mwaka 1986 kuonya kwamba nchi inajivua nguo. Mwaka 1988 mchujo wa uchaguzi ulifanywa kwa mlolongo: wapiga kura walipanga foleni nyuma ya mgombea au picha yake, wakahesabiwa mchana kweupe, kisha afisa akatangaza matokeo aliyoyataka. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 katika mchujo huo alitangazwa mbunge bila kwenda kwenye kura ya siri.

Ni mlolongo huo uliomtoa Matiba serikalini. Baada ya uchaguzi wa matawi ya Kanu kuvurugwa Murang'a, alijiuzulu Desemba 1988, akiwa Waziri wa Uchukuzi na Mawasiliano. Waziri kujiuzulu kwa kupinga wizi wa kura lilikuwa jambo geni nchini. Chama kilimfukuza, na kwa kuwa Katiba ilidai kila mbunge awe mwanachama wa Kanu, kiti cha Kiharu kikamtoka pia. Hapakuwa na wafadhili wala balozi katika habari hiyo. Palikuwa na hesabu ya watu waliosimama foleni Murang'a na karatasi iliyosema vingine.

Makanisa ya mlimani nayo yalishasema. Aprili 1989 nyumba ya Askofu David Gitari wa Kianglikana, kule Kirinyaga, ilivamiwa usiku baada ya mahubiri yake dhidi ya wizi wa kura. Siku ya Mwaka Mpya 1990, Mchungaji Timothy Njoya, mzaliwa wa Nyeri, alihubiri Nairobi akiuliza kama tawala za chama kimoja zilizoanguka Ulaya Mashariki hazikuwa na funzo kwa Afrika. Kwa hiyo Matiba na Rubia walipoketi na waandishi mwezi Mei, walikuwa wakijiunga na mazungumzo yaliyokuwa yamekwisha kuanza mimbarini.

Walichoomba kilikuwa kibali cha mkutano wa hadhara uwanja wa Kamukunji, tarehe 7 Julai. Walinyimwa. Tarehe 4 Julai wakakamatwa na kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa, na Raila Odinga akafuata. Siku yenyewe, inayojulikana kama Saba Saba, watu walikwenda Kamukunji bila viongozi wao, polisi wakawavamia, na fujo zikaenea hadi Thika, Murang'a, Nyeri na Nakuru. Watu wasiopungua 20 waliuawa. Katika majuma hayo kuinua vidole viwili, ishara ya vyama viwili, kulitosha kumtia mtu ndani. Kanda za nyimbo za Kikuyu zilizosimulia masaibu ya Matiba ziliuzwa kwa siri kwenye vituo vya matatu, na polisi wakazisaka kama bangi. Anayetaka kujua watu wa kawaida walifikiri nini mwaka ule hana budi kuanzia kwenye kanda hizo, maana magazeti mengi hayakuthubutu.

Sasa twende Washington, ambako kulikuwa na mvutano wa namna nyingine.

Mwaka 1990 Ikulu ya Marekani ilikuwa mikononi mwa George Bush wa chama cha Republican, huku mabaraza yote mawili ya Congress, Seneti na Baraza la Wawakilishi, yakiwa na wengi wa Democratic. Bush na wizara yake ya mambo ya nje waliiona Kenya kama rafiki wa zamani. Tangu 1980 jeshi la Marekani lilikuwa na ruhusa ya kutumia bandari ya Mombasa na viwanja vya ndege, na Agosti 1990, Iraki ilipoivamia Kuwait, rafiki kama huyo akazidi kupanda thamani. Kwa Congress hesabu ilikuwa tofauti. Vita Baridi vilikuwa vinaisha, na wapiga kura wa Marekani walianza kuuliza kwa nini kodi yao inawalisha watawala wanaofunga watu bila kesi.

Edward Kennedy, seneta wa Massachusetts, alikuwa miongoni mwa waliopaza sauti juu ya Kenya, na ukoo wake haukuwa mgeni wa habari zetu. Mwaka 1988 tuzo ya haki za binadamu yenye jina la kaka yake, Robert, ilikwenda kwa wakili Gibson Kamau Kuria, aliyewahi kuwekwa kizuizini mwaka 1987 kwa kuwatetea watu waliodai kuteswa. Julai 1990 Kuria alikimbilia ubalozi wa Marekani mjini Nairobi, kisha akasafirishwa hadi Marekani, na habari za gereza la Kamiti zikapata mdomo wa kuzisema kule.

Kuna uzi mrefu zaidi hapa, na unapita Murang'a. Mwaka 1960 Tom Mboya, pamoja na wana wawili wa Murang'a, Dkt Julius Gikonyo Kiano na Kariuki Njiiri, walikuwa wakihangaikia nauli ya ndege ya wanafunzi wa Afrika Mashariki waliopata nafasi katika vyuo vya Marekani. Wizara ya mambo ya nje ilikuwa imekataa kulipa. Mboya akamwendea John Kennedy, aliyekuwa akigombea urais, na wakfu wa familia ukatoa dola 100,000. Watu wa Richard Nixon, mpinzani wake wa Republican, waliposikia, wakaihimiza wizara hiyohiyo itoe kiasi hichohicho, na seneta mmoja wa Republican akasimama katika Seneti kudai kwamba Kennedy anatumia fedha za hisani kwa kampeni. Watoto wetu wakawa hoja ya uchaguzi wa Wamarekani. Naitaja habari hii kwa sababu inaonyesha kwamba misaada yao kwetu ilikuwa ikisukumwa na ushindani wa vyama vyao tangu mwanzo, miaka 30 kabla ya Matiba kufungwa. Na Matiba huyo ndiye aliyemwangusha Kiano katika uchaguzi wa 1979.

Njia waliyotumia wanasiasa wa Democratic mwaka 1990 inafaa kutazamwa kwa karibu. Hawakutunga sheria ya pekee dhidi ya Kenya. Sheria ya pekee Bush angeweza kuikataa, na kupata theluthi mbili za kila baraza za kumpinga ni kazi ngumu. Badala yake waliliweka sharti la Kenya ndani ya mswada wa matumizi ya misaada ya nje kwa mwaka wa fedha wa 1991. Mswada wa namna hiyo huanzia kwenye kamati za matumizi, hupita baraza moja, hupita la pili, kisha wajumbe wa mabaraza yote mawili hukaa pamoja kusawazisha tofauti. Ukifika kwa Rais, hana ruhusa ya kukata mstari mmoja na kuacha mwingine. Ama anatia sahihi wote, ama anaukataa wote. Na mswada ule ulibeba jambo ambalo Bush alilihitaji sana, yaani msamaha wa deni la kijeshi la Misri, karibu dola bilioni 7, malipo ya kusimama kwake na Marekani dhidi ya Iraki. Hakuwa na namna ya kuiokoa Nairobi bila kuitosa Cairo. Tarehe 5 Novemba 1990 alitia sahihi.

Sharti lilisema kwamba misaada ya kijeshi na ile ya kusaidia bajeti, dola milioni 15 hivi, isitolewe mpaka Rais athibitishe kwamba serikali ya Kenya inachukua hatua nne: kuwashtaki au kuwaachilia wafungwa wote, wakiwemo walioko kizuizini kwa sababu za kisiasa, kukomesha utesaji wa wafungwa, kurejesha uhuru wa mahakama, na kurejesha uhuru wa kujieleza. Msomaji wa Murang'a aliyeliona sharti la kwanza alijua mara moja ni akina nani waliokuwa wakisemwa.

Mwezi huohuo wa Novemba, Bunge la Kenya lilirudisha ulinzi wa ajira ya majaji na ya Mwanasheria Mkuu. Mwezi mmoja kabla yake serikali ilikuwa imevunja uhusiano wa kibalozi na Norway kwa ajili ya Koigi wa Wamwere, aliyekuwa uhamishoni huko, na Norway ikasimamisha misaada yake. Desemba, mkutano wa wajumbe wa Kanu ukafuta mlolongo na kanuni ya asilimia 70. Chama kilikuwa kinalegeza pale ambapo hakingepoteza madaraka.

Mlango waliofunga Wademocrat, serikali ya Bush ilitafuta namna ya kuufungua. Februari 1991 iliachilia dola milioni 5 za misaada ya kijeshi, wakati ambapo Kenya ilikuwa imekubali kuwapokea mamia ya Walibya waliopewa mafunzo na Marekani kumpinga Gaddafi, waliofukuzwa Chad. Matiba na Rubia walikuwa bado kizuizini siku hiyo, hawajashtakiwa. Mtu akisema kwamba Marekani ndiyo iliyotukomboa, mkumbushe Februari hiyo. Sehemu moja ya serikali ya Marekani iliandika sharti na nyingine ikalizunguka, na kati ya hizo mbili afya ya wafungwa ilikuwa ikiporomoka. Rubia aliachiliwa Aprili. Mei, Matiba alipatwa na kiharusi akiwa mikononi mwa serikali. Mwezi Juni akaachiliwa na kupelekwa London kwa matibabu, na hakupata tena afya aliyoingia nayo Kamiti.

Agosti 1991 vuguvugu la Ford likazaliwa likiongozwa na Jaramogi Oginga Odinga, Masinde Muliro, Martin Shikuku, Ahmed Bamahriz, George Nthenge na Philip Gachoka. Novemba 16 waliitisha mkutano mwingine Kamukunji, wakakamatwa tena, na safari hii mabalozi wa Magharibi walilaani waziwazi. Siku chache baadaye, Novemba 25 na 26, kundi la nchi na mashirika yanayoifadhili Kenya lilikutana Paris chini ya uenyekiti wa Benki ya Dunia. Kenya ilikuwa ikipokea karibu dola bilioni 1 za misaada kwa mwaka. Kundi lile liliamua kusimamisha misaada mipya ya haraka kwa miezi sita, kiasi cha dola milioni 350 hivi, likitaja ufisadi, uchumi na haki za binadamu. Hapo ndipo Nairobi iliposhtuka kweli, kwa kuwa dola milioni 15 za Congress zilikuwa aibu tu, ila dola milioni 350 zilikuwa mishahara, mafuta na madeni.

Desemba 3 wajumbe wa Kanu walijaa Kasarani. Mmoja baada ya mwingine alisimama kuapa kwamba vyama vingi ni balaa, ni ukabila, ni damu. Walisema hivyo wakiamini ndivyo Rais Daniel arap Moi alivyotaka wasikie. Kisha Moi akasimama, akatangaza kwamba kifungu cha 2A kitafutwa. Ukumbi ule uliokuwa ukilaani ukashangilia. Katibu Mkuu wa chama wakati huo alikuwa Joseph Kamotho, naye pia mwana wa Murang'a. Wilaya moja ilikuwa imetoa wafungwa wawili wakuu wa vyama vingi na pia msemaji mkuu wa chama kimoja, na watu wake walizikana misiba na kuoana wakiwa pande zote mbili. Nasema hivi kwa sababu simulizi za siku hizi humfanya kila Mkikuyu wa 1990 kuwa mpiganaji wa mageuzi. Haikuwa hivyo.

Siku saba baadaye, Desemba 10, 1991, Bunge likafuta 2A. Kanuni za Bunge zilitaka mswada uchapishwe siku 14 kabla ya kusomwa mara ya kwanza, ila muda huo uliweza kufupishwa wabunge wakikubali. Bunge lilikuwa na wabunge 188 wa kuchaguliwa na 12 wa kuteuliwa, kwa hiyo zilihitajika kura 130, mara mbili. Zilipatikana bila shida, kutoka Bunge la mlolongo, lililochaguliwa lote kwa tiketi ya Kanu. Wabunge wale hawakuwa wamebadilika moyo kati ya Jumatatu na Jumanne. Walitii. Kwangu mimi hilo ndilo doa la siku ile njema: Bunge lilirudisha uhuru kwa amri, kama lilivyouondoa kwa amri mwaka 1982, na mjadala wa kina juu ya nchi tunayoitaka haukufanyika.

Siku ya Krismasi Kibaki alijiuzulu uwaziri wa Afya na kuunda chama cha Democratic Party. Ni yeye aliyenukuliwa mwaka uleule akisema kwamba kutaka kuing'oa Kanu ni sawa na kuukata mti wa mugumo kwa wembe, na mlimani hawakumsahaulisha. Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa, pamoja na Profesa Wangari Maathai wa Nyeri, walianza mgomo wa kula Uhuru Park kudai wana wao, wakapigwa na polisi Machi 3. Sharti la kwanza la Congress, kumshtaki mfungwa au kumwachilia, lilikuwa bado linadaiwa, safari hii na wanawake wazee waliokaa chini ya hema.

Matiba alirudi Mei 1992 akapokelewa na umati usio na kifani. Oktoba Ford ikapasuka, na Desemba 29 Moi akashinda kwa asilimia 36 ya kura. Matiba alipata 26, Kibaki 19, Odinga 17. Murang'a ilimpa Matiba kura zake, Nyeri ikampa Kibaki zake, na Kanu ikarudi Ikulu ikipita katikati yao.

Na gharama? Wafadhili waliporudi na ahadi mpya Novemba 1993, mkulima alikuwa amekwisha kulipa. Bei ya kahawa ilianguka tangu Julai 1989, mkataba wa kimataifa wa kugawana soko ulipovunjika, na Murang'a ni eneo la kahawa chini na chai juu. Mwaka 1993, kwa mchanganyiko wa misaada iliyokatwa, fedha zilizochapishwa kwa ajili ya uchaguzi na wizi wa fedha za umma katika kashfa ya Goldenberg, shilingi ilianguka kutoka 36 hivi kwa dola hadi 68 hivi mwisho wa mwaka, na mfumuko wa bei ukafika asilimia 46. Mbolea ni bidhaa ya dola. Haiwezekani kuitenga gharama ya vikwazo na ile ya wizi, lakini aliyesimama dukani kununua mfuko wa mbolea alizilipa zote mbili, bila kuulizwa na Bunge lolote.

Miaka kumi baada ya 2A kufutwa, mambo yalipinduka kwa namna inayostahili kusomwa na kila mbunge. Shirika la Fedha Duniani lilikuwa limesimamisha mkopo wake Julai 1997 kwa sababu ya ufisadi, likarudi mwaka 2000, likaondoka tena Mahakama Kuu ilipoamua Desemba 2000 kwamba Mamlaka ya Kupambana na Ufisadi ilikuwa kinyume cha Katiba. Dawa ilikuwa kuiingiza mamlaka hiyo ndani ya Katiba, na wafadhili wakasema waziwazi kwamba bila hilo hakuna fedha. Agosti 14, 2001 mswada ulifika Bungeni. Sasa kulikuwa na wabunge 222 na kura zilizohitajika zilikuwa 145. Kanu, hata ikishirikiana na chama cha Raila Odinga, haikuweza kuzifikisha peke yake. Kibaki, kiongozi rasmi wa upinzani, na wenzake wakakataa, wakisema sheria zilizokuja na mswada huo zingewapa afueni wezi wa zamani. Mswada ukaanguka na misaada ikabaki imefungwa.

Upinzani uliokuwa umewaomba wafadhili wabane ulilaumiwa na Kanu kwa kuwanyima wananchi misaada. Kanu iliyokuwa imewalaani wafadhili kama wakoloni mamboleo sasa ilitaka wabunge wapige kura kama wafadhili walivyotaka. Hata hivyo siku ile asilimia 65 ilifanya kazi yake kwa mara ya kwanza katika habari hii. Serikali ililazimika kuhesabu na kushawishi, ikashindwa. Hata aliyeudhika na matokeo alipaswa kufurahia kwamba kengele ilipolia hakuna aliyejua jibu mapema. Sheria ya kupambana na ufisadi ilianza kutumika Mei 2003, Kibaki akiwa Rais, na Novemba mwaka huo mkopo wa Shirika la Fedha ukafunguliwa.

Tangu hapo vikwazo vimebadilika sura. Julai 2005 Uingereza ilimpiga marufuku kuingia nchini humo Chris Murungaru, mbunge wa Kieni, Nyeri, na Waziri wa Uchukuzi katika serikali ya Kibaki. Murungaru alikana kufanya kosa lolote, akaenda mahakamani London, na mwaka 2008 mahakama ya rufaa ikaamua dhidi yake. Mkulima hakuguswa na marufuku hiyo, na hilo ni jema. Lakini barua ya wizara haijadiliwi na kamati wala haipigiwi kura, na sababu zake hazisomwi hadharani. Mwaka 1990 raia wa Murang'a angeweza kusoma masharti manne yaliyoandikwa kwa ajili ya Matiba na kumuuliza yeyote kama yametimizwa. Nafuu vikwazo vinavyojadiliwa na kuandikwa, hata vikiwa vimesukumwa na siasa za watu wa mbali, kuliko vinavyotoka kwenye faili lililofungwa.

Sharti la kwanza la Congress lilisema wafungwa washtakiwe au waachiliwe. Matiba hakushtakiwa kamwe. Aliidai serikali fidia mahakamani kwa kizuizi na kwa afya yake, na Agosti 2017 Mahakama Kuu ikaamuru alipwe shilingi milioni 504. Alifariki tarehe 15 Aprili 2018, serikali ikiwa bado haijamlipa.